Kijishimo cha Mwisho

Gumba langu la kulia lina sugu
mahali pasipogusa jembe wala sindano.
Mama, fundi cherehani wa Tandika,
alilishika juzi, akaligeuza mwangani
kama anayekagua pindo:
"Huko kampuni kwenu mnashona nini?"

Nabonyeza, mama. Nanyonya tone, naachia tone,
mara mia tatu kabla ya chai,
tone ambalo hata sisimizi
angelinywa akalala na kiu.

Hakuelewa, wala sikumlaumu.
Majirani wameshakubaliana kuwa napima damu,
na Jumamosi hodi haziishi:
mwenye kikohozi, mwenye mimba changa, mwenye mbwa.
"Mimi ni wa mihogo," nasema.
Wananitazama kama mtu aliyelipiwa ada kwa hasara.

Mihogo yenyewe inakaa Kijitonyama,
ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae,
ndani ya chupa zilizokuwa za jemu,
kijani, urefu wa njiti ya kiberiti,
miguu kwenye uji wa sukari na mwani.
Haijawahi kuona udongo. Haijui mvua.
Bi Kokushubira, mkuu wa maabara,
huingia chumbani mwao bila viatu, bila pete, bila salamu,
maana pumzi moja tu ya binadamu
na Jumatatu chupa zimeota manyoya meupe.
Tulipoteza mia nne mwezi wa Ramadhani.
Hakuna aliyetajwa.
Kila mtu alinusa mikono yake.

Kuna mambo hayakuandikwa kwenye mkataba.
Kimeng'enya kukaa siku tisa uwanja wa ndege
kikisubiri muhuri,
na sanduku lilipofika, barafu imebaki stori.
Jokofu la nyuzi themanini chini ya sifuri
katika mji ambao hata kivuli kinatoa jasho:
umeme ukikatika, Nsajigwa huruka ngazi tatu tatu
na dumu la dizeli, akilitukana jenereta kwa Kinyakyusa
hadi liwake kwa aibu.
Sisi tunasikiliza.
Miaka sita ya majani ya watu
inasikiliza nasi gizani.

Niulize tena basi nashona nini.
Natafuta kirusi cha michirizi ya kahawia,
kile kinachouozesha mhogo chini kwa chini
huku majani juu yanakupungia mkono.
Kisipokuwepo, mstari hauonekani,
na nisipoona kitu napiga kigelegele.
Ndiyo kazi: kutafuta kwa bidii
na kuomba usipate.

Jana, saa mbili usiku, niliwasha taa ya zambarau.
Sahani nzima nyeusi.
Vijishimo ishirini na vinne, kimya.
Tumsifu, aliyeletwa na chuo kujifunza kazi,
alishatoa simu apige picha:
"Wazima wote, dada!"
Nikamshika mkono, nikamwonyesha kijishimo cha mwisho,
cha jani la shamba la Bi Mwanahawa, Mkuranga,
jani tunalojua ni gonjwa,
tunalolitunza lisipone, kwa faida ya wengine.
Nalo limenyamaza.
Mgonjwa akikana homa, usimwamini mzima.

Kimeng'enya kilifia uwanja wa ndege, pengine.
Au ni gumba langu.
Tumsifu alifuta picha bila kuambiwa.
Nikaandika daftarini kwa kalamu isiyofutika:
*Haijulikani.* Tarehe. Sahihi.

Nyumbani nilimkuta mama anafumua gauni la harusi ya watu,
uzi mmoja mmoja, midomo imebana pini.
Sikumuuliza. Alijua nataka kuuliza.
"Mshono hauna kosa," alisema kwa pembe ya mdomo,
"nilipimia futi iliyovutika."

Nikavuta kigoda,
nikashika upande wa pili.